Hisa Nyingi Haziteui Mwenyekiti

Wanachama waliokosa mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu cha ushirika wa hisa na mikopo hapa Kirumba, Mwanza, wameniomba niyaandike niliyoyasema siku ile. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, mama zangu wa chanja, kaka zangu wenye mitumbwi, vijana wa magunia: mwangaluka.

Mkutano huu tumeuweka wiki ya mbalamwezi, kama desturi yetu, kwa sababu mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa na wavuvi wanabaki nchi kavu. Ndiyo maana leo ukumbi umejaa hadi mlangoni. Katibu aliniomba nizungumze kidogo kabla hatujapiga kura ya mwenyekiti mpya, na nadhani alitegemea niseme habari za marejesho, maana mwalimu mstaafu aliyeko kamati ya usimamizi huwa hana wimbo mwingine. Leo nitasema habari za uchaguzi. Lakini ni uchaguzi wa chama kingine, kikubwa, kilicho mbali, ambacho sisi sote humu ni wanachama wake na wengi wetu hatujawahi kuambiwa.

Nasema habari za Benki ya Dunia, na jinsi rais wake anavyopatikana.

Kwanza niwarudishe nyuma. Wazee wa chama hiki mnakumbuka mkutano ule uliotaka kutuvunja. Mwanachama mwenzetu mmoja, mwenye mitumbwi sita na injini zake, alisimama pale mbele akaweka kitabu chake cha hisa juu ya meza. Akakifungua. Akageuza kurasa taratibu, watu wote wakimwangalia, kisha akasema kwamba karibu theluthi ya fedha za chama ni zake, kwa hiyo hapingi uchaguzi, ila jina la mwenyekiti atalileta yeye na sisi tulipitishe. Ukumbi ukanyamaza. Si kwamba tulikubali, tuliogopa. Akiondoka na fedha zake, mikopo ya msimu ule ingetoka wapi?

Akasimama mayu mmoja, yaani mama kwa Kisukuma, sasa ni marehemu, aliyekuwa akiuza dagaa kwa sado pale mwaloni. Alikuwa na hisa tano. Kanga yake ilikuwa bado na magamba. Akasema: "Baba, fedha zako tunazitunza na gawio lako unalipata kwa kadiri ya hisa zako, hakuna anayekudhulumu. Lakini ukimchagua mwenyekiti wewe peke yako, mimi nikikopa nitakuwa nimekopa kwako. Sitakuwa nimekopa kwenye chama changu."

Mimi nilisoma historia na nimeifundisha miaka mingi, lakini sijasikia mtu akiieleza Benki ya Dunia vizuri kuliko mama yule, na sidhani kama aliwahi kuifikiria hata siku moja.

Benki ile nayo ni chama cha hisa. Ilizaliwa Julai 1944 kwenye hoteli moja kule Bretton Woods, jimbo la New Hampshire, Marekani, vita vikiwa bado vinaendelea. Nchi 44 zilituma wajumbe. Kutoka Afrika nzima zilikuwa nne: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini, na hiyo ya mwisho ilikuwa ya makaburu. Sisi tulikuwa chini ya Mwingereza, na aliyetusemea alikuwa Mwingereza huyo huyo. Kazi ya kwanza ya Benki ilikuwa kuijenga upya Ulaya iliyobomoka. Sisi tulijiunga 1962, tukiwa na uhuru wa miezi michache mkononi. Waziri wetu wa fedha mwaka huo alikuwa Paul Bomani, mtu wa huku huku kwetu, na nitamrudia.

Katika mkataba wa Benki hakuna sentensi inayosema rais lazima awe Mmarekani. Mkataba unasema wakurugenzi watendaji ndio watakaomchagua. Lakini tangu mwanzo kulikuwa na makubaliano ya kimyakimya baina ya wakubwa wawili: Marekani itoe rais wa Benki ya Dunia, Ulaya itoe mkuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa, lile tunaloliita IMF. Hayakuandikwa kwenye mkataba wowote na yameshikwa kuliko mengi yaliyoandikwa. Tangu 1946 Benki imekuwa na marais 14. Wote 14 ni raia wa Marekani. Wote 14 ni wanaume. Na kule IMF kila mkuu aliyechaguliwa ametoka Ulaya.

Mtaniuliza kura zikoje. Humu ndani mwenye hisa tano na mwenye hisa mia tano wana kura moja moja. Ndiyo sheria ya ushirika. Kule kura zinafuata hisa. Marekani peke yake ina takriban asilimia 16 ya kura. Unaweza kusema asilimia 16 si nyingi. Lakini ili mkataba wenyewe ubadilishwe zinatakiwa kura asilimia 85, kwa hiyo mwenye 16 akikunja mikono, hakuna kinachobadilika. Wakurugenzi watendaji ni 25. Marekani ina wake peke yake, na nchi nyingine chache kubwa vivyo hivyo. Afrika kusini mwa Sahara ina viti vitatu, na hicho cha tatu kimeongezwa 2010. Tanzania imo kwenye kiti kimoja pamoja na nchi nyingine zaidi ya 20. Kiti kimoja! Kenya humo, Uganda humo, Rwanda na Burundi humo, Ethiopia, Zambia, Msumbiji. Ziwa letu lote na majirani zake wamekalia kigoda kimoja.

Sasa niwaeleze mwaka 2012, maana ndio mwaka uliouma.

Robert Zoellick alikuwa anamaliza muda wake. Kwa mara ya kwanza tangu Benki iundwe walijitokeza wagombea wa kweli kutoka nchi zinazokopa. Nigeria, Afrika Kusini na Angola zilimpendekeza Ngozi Okonjo-Iweala. Huyu mama alikuwa waziri wa fedha wa Nigeria kwa mara ya pili. Alikuwa amefanya kazi ndani ya Benki hiyo hiyo kwa zaidi ya miaka 20, akapanda hadi kuwa mmoja wa wakurugenzi wakuu chini ya rais. Ndiye aliyeongoza mazungumzo ya 2005 ambayo Nigeria ilisamehewa deni la dola bilioni 18. Akapendekezwa pia José Antonio Ocampo wa Kolombia, naye aliwahi kuwa waziri wa fedha na kiongozi wa ngazi ya juu Umoja wa Mataifa. Marekani ikamleta Jim Yong Kim, daktari, mkuu wa chuo cha Dartmouth, aliyezaliwa Seoul akakulia Marekani.

Nilikuwa bado nafundisha. Nakumbuka ofisi ya walimu, redio ndogo ya betri dirishani, mimi nasahihisha madaftari ya kidato cha tatu na kalamu nyekundu imesimama hewani nasikiliza. Wiki ile nilikuwa nimewafundisha wanafunzi kwamba dunia imebadilika. Ocampo akajitoa siku chache kabla ya uamuzi, akasema uchaguzi umegeuka kuwa wa kisiasa badala ya kupima sifa, akamuunga mkono mama Ngozi. Tarehe 16 Aprili wakatangaza: Kim. Kura hazikuwa za kauli moja, na hilo lilikuwa jambo jipya. Lakini mwisho ulikuwa ule ule wa tangu 1946.

Naomba msinielewe vibaya. Simsemi Kim kwamba hakufaa. Ni daktari aliyewatibu maskini wenye kifua kikuu sugu kule Peru wakati wataalamu wengi wakisema dawa zile ni ghali mno kwa watu wa aina ile, na kwa hilo namheshimu. Ninachokisema ni kwamba hatukujua, na hatutajua, kama alishinda kwa sababu alikuwa bora kuliko wenzake au kwa sababu ya pasipoti. Na yeye pia amenyimwa kujua. Mtu mwema akipitishwa mlango wa uani, wema wake wenyewe unaanza kutiliwa shaka. Aliondoka Februari 2019, muda wake wa pili ukiwa na miaka mitatu mbele, akaenda kwenye kampuni binafsi ya uwekezaji.

Baada yake akaja David Malpass, jina moja tu mezani, kutoka wizara ya fedha ya Marekani. Septemba 2022 aliulizwa hadharani, mjini New York, kama anakubali kwamba binadamu kwa kuchoma mafuta na makaa anaipasha dunia joto. Akakwepa, mwisho akasema yeye si mwanasayansi. Ndugu zangu, hebu fikirini hilo mkiwa hapa ufukweni. Mwaka 2020 ziwa hili lilipanda likameza sehemu za mialo, tukahamisha chanja juu. Mwaka 2024 likapanda tena, likapita hata alama ya 1964 ambayo wazee walikuwa wakituhadithia. Benki ambayo ndiyo mlango wa fedha nyingi za mabadiliko ya tabianchi kwa nchi kama yetu, mkuu wake alishindwa kujibu swali ambalo mvuvi yeyote wa Igombe angelijibu akiwa anashona wavu.

Malpass alitangaza kuondoka mapema, na Februari 2023 Rais wa Marekani akampendekeza Ajay Banga. Amezaliwa Pune, India, amesoma India, amewahi kuiongoza kampuni ya kadi za malipo ya Mastercard. Dirisha la mapendekezo likafunguliwa kwa nchi zote wanachama, likakaa wazi mwezi mzima, likafungwa. Jina lilikuwa moja. Hakuna nchi iliyojisumbua. Tarehe 3 Mei wakurugenzi wakampitisha, Urusi haikupiga kura. Wapo waliosema, basi, si mmepata mtu wa nchi zinazoendelea? Nimefurahi kwamba rais wa Benki anajua vumbi la mji wa watu maskini. Lakini hakuletwa na India. Kanuni haikusogea hata inchi moja. Kilichobadilika ni sura ya aliyepita ndani yake. Yule mwenzetu wa mitumbwi sita naye angeweza kumteua mayu wa sado awe mwenyekiti. Tungepiga vigelegele, na bado chama kingekuwa chake.

Nasikia kijana pale nyuma anauliza: mwenye fedha zake, kwa nini asiwe na neno? Swali la haki, nalijibu kwa uzito wake. Ni kweli fedha nyingi zinazoipa Benki ile nguvu ya kukopa kwa riba ndogo zimesimama juu ya dhamana ya nchi tajiri. Ni kweli pia dirisha lile la nchi maskini, ambalo Tanzania imekopa kwake kwa miongo mingi kwa masharti nafuu ya miaka 30 na zaidi, linajazwa kila baada ya miaka mitatu kwa michango ya matajiri. Desemba 2024 waliahidi dola bilioni 23.7. Ni msaada mkubwa na mimi si mtu wa kukataa asante. Lakini gharama za kuendesha lile dirisha kubwa, la mikopo ya kawaida, zinalipwa kwa riba za wanaokopa, na Marekani haikopi humo. Wanaokopa ndio wanaolipa, na ndio wanaobeba kosa likitokea. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Rais wa Benki akikosea, walipa kodi wa Washington hawatafunga shule. Tutafunga sisi.

Na tulifunga. Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana wengine wanadhani rais wa Benki ni pambo tu na mambo yanaendeshwa na wataalamu.

Kati ya 1968 na 1981 rais alikuwa Robert McNamara, aliyetoka kuwa waziri wa ulinzi wa Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Yeye aliamini katika kukopesha sana, na katika serikali kujenga. Zama zake ndizo zilizotupa kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichopangiwa kuuza viatu Ulaya na ambacho hakikuwahi kufanya kazi hata kwa sehemu ndogo ya uwezo wake. Deni lake tulibaki nalo. Akaondoka 1981 akaja Tom Clausen, aliyekuwa mkuu wa Bank of America. Mchumi mkuu akabadilishwa. Mikopo ya marekebisho ya uchumi, iliyoanza 1980 mwishoni mwa McNamara, ikashika kasi. Lugha ikawa nyingine: serikali ipunguze, mwananchi achangie. Mwalimu Nyerere alikuwa ameiona mapema. Tarehe 1 Januari 1980, akizungumza na mabalozi, aliuliza tangu lini IMF imekuwa Wizara ya Fedha ya Kimataifa. Alipong'atuka 1985, mwaka uliofuata tulitia saini makubaliano na IMF.

Mliosoma miaka ile mnajua kilichofuata. Mtoto anarudishwa nyumbani kwa mchango. Mama anauza debe la dagaa ambalo halijakauka vizuri, lina mchanga, anapewa bei ya chakula cha kuku, ili mtoto mmoja kati ya wanne arudi darasani. Na aliyerudi mara nyingi alikuwa wa kiume. Halafu 2001, rais akiwa James Wolfensohn na dunia imepiga kelele ya kutosha, ada ya shule ya msingi ikafutwa, na Benki ile ile ikakopesha dola milioni 150 kwa mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, MMEM. Watoto walifurika. Nilikuwa na darasa lenye watoto wamekaa hadi kwenye kizingiti cha mlango. Benki ni ile ile, nchi ni ile ile, watoto wa Kirumba ni wale wale. Kilichobadilika ni fikra za waliokuwa juu. Kati ya fikra ya kwanza na ya pili kuna kizazi kizima, na baadhi yao mko humu ukumbini. Mnaweka dole gumba kwenye fomu za mkopo.

Kuna la karibu zaidi. Nilipokuwa naelekea kustaafu nilikuwa na msichana kidato cha pili, mama yake anaanika dagaa. Alikuwa anakaa dawati la pili karibu na dirisha. Hodari wa ramani; alikuwa anaichora ramani ya ziwa bila kunakili, na visiwa vyake, Ukerewe, Ukara, Kome, hata ghuba ndogo. Akapata mimba. Kwa utaratibu uliokuwepo, hakurudi. Novemba 2018 Benki ya Dunia ikauweka kando mkopo wa dola milioni 300 wa elimu ya sekondari, na jambo la wasichana hao lilikuwa miongoni mwa sababu. Machi 2020, uongozi wa Benki ukiwa mwingine, ikaidhinisha dola milioni 500. Novemba 2021 nchi ikaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni.

Nimelifikiria jambo hili usiku mwingi. Nilitaka yule mtoto arudi. Nilifurahi mtu mwenye sauti alipolisema. Lakini moyo uliniuma kwamba mjadala wa mtoto wa Mwanza uliamuliwa kwenye meza ambayo mama yake ana hisa lakini hana neno, mara fedha zinazuiwa, mara zinatolewa, na hakuna hata mmoja pale aliyewahi kulazimika kumwomba kura mama yule au mtu anayemwakilisha kikwelikweli. Msimamo mwema wa leo ukitoka kwa mtu usiyeweza kumuuliza, kesho msimamo mbaya utatoka kwake pia na hutaweza kumuuliza.

Msidhani Waafrika tumeshindwa kufanya vinginevyo. Tunayo Benki ya Maendeleo ya Afrika, makao yake Abidjan, iliyoanzishwa kwa mkataba wa 1963, na Tanganyika ilikuwemo tangu mwanzo. Kule anayetaka urais anapendekezwa na nchi za Afrika, anapigiwa kura raundi kwa raundi, na hapiti mpaka apate zaidi ya nusu ya kura zote na pia zaidi ya nusu ya kura za Waafrika wenyewe. Hizo kura mbili ndani ya moja ni busara kubwa: wa nje wamo, wana sauti yao, lakini hawawezi kutuletea mtu. Mei 2025 walikuwepo wagombea watano, kutoka Mauritania, Zambia, Senegali, Chad na Afrika Kusini, mmoja wao mwanamke. Walijieleza hadharani. Kwenye raundi ya tatu Sidi Ould Tah wa Mauritania akapata asilimia 76.18. Tunaijua hata desimali! Hebu niambieni mama Ngozi alipata asilimia ngapi 2012. Benki ya Dunia haikutangaza.

Sisemi kwamba kule kwetu ni peponi. Kanda zetu zinagombana. 2025 jumuiya ya kusini mwa Afrika ilimuunga mkono Mzambia huku Afrika Kusini ikileta mgombea wake, wakagawana walichokuwa nacho. Na wakubwa nao hujaribu. Mwaka 2020 Akinwumi Adesina, aliyekuwa rais wa benki hiyo ya Afrika, alituhumiwa na watu wa ndani ya benki. Kamati ya maadili ikachunguza ikamsafisha. Waziri wa fedha wa Marekani wakati huo, Steven Mnuchin, hakuridhika akataka uchunguzi mwingine. Ukafanywa mwingine, wakiongoza watu watatu wenye heshima zao, akiwemo Mary Robinson aliyewahi kuwa rais wa Ireland. Wakasema kamati haikukosea. Agosti Adesina akachaguliwa tena kwa kura zote. Mimi sikuchukia kwamba alichunguzwa, kiongozi achunguzwe. Nilichokipenda ni kwamba aliyetaka aondoke alilazimika kuleta hoja mezani, na hoja ikapimwa, na wanachama wakaamua. Huko ndiko kuwa mwanachama.

Nilisema nitamrudia Bomani. Miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba wa kanda hii walichoka na mizani ya wanunuzi. Unapakia pamba nyumbani ukijua uzito wake kwa mgongo wako, ukifika kwenye mnada mizani inasema kingine, na mwenye mizani ndiye mnunuzi, na mnunuzi ndiye anayeandika kitabu. Hawakuandamana kudai bei kwanza. Walianza kwa kudai kuiona mizani. Wakaunda chama chao, Bomani akiwa mmoja wa viongozi vijana, na kufikia 1955 ulikuwepo muungano wa vyama vya ushirika vya Viktoria, ambao ulikuja kuwa miongoni mwa mikubwa kabisa Afrika. Ni huyo huyo aliyekuja kuwa waziri wa fedha tulipojiunga na Benki ya Dunia. Huwa najiuliza alijisikiaje, mtu wa mizani, kuingia kwenye chama ambacho mizani yake iko kwa mmoja.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja tu, na liko ndani ya uwezo wetu.

Kila nchi mwanachama ina gavana wake kwenye Benki ya Dunia, na kwa Tanzania kwa desturi ni waziri wa fedha. Yeye ndiye mwenye kitabu chetu cha hisa. Muda wa Banga ni miaka mitano tangu Juni 2023, maana yake kiti kitazungumzwa tena kufikia 2028, na mazungumzo ya kweli huanza mapema, kwenye korido, kabla dirisha halijafunguliwa. Mwaka 2023 dirisha lilikuwa wazi mwezi mzima. Je, Tanzania ilifikiria jina? Ilizungumza na wale wenzetu zaidi ya 20 wa kigoda kimoja? Kura yetu ndogo ilikwenda wapi, na kwa sababu gani? Hayo si maswali ya uchochezi. Ni maswali yale yale mnayomuuliza mweka hazina wetu kila robo mwaka, tena kwa ukali.

Nimeandika barua kwa mbunge wetu, ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida. Inamwomba aulize bungeni mambo mawili: serikali ilimuunga mkono nani 2012, 2019 na 2023 na kwa vigezo gani, na je, kabla ya 2028 gavana wetu atakuja bungeni kusema ni sifa zipi Tanzania inazitaka kwa rais wa Benki kabla hajapeleka sauti yetu. Hatuombi Mtanzania apewe kiti. Hatuombi hata Mwafrika apewe. Tunaomba majina yawe zaidi ya moja na tujue yetu ilikwenda kwa nani.

Mtu ataniambia barua ya akina mama wa dagaa itafika wapi. Mwaka ule mayu aliposimama na hisa zake tano, yule mwenzetu alikasirika akakifunga kitabu chake, akatoka nje. Tukapiga kura bila yeye. Tulisubiri aje kuchukua fedha zake. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wiki ya nne alikuja ofisini, nikiwa mimi pale na daftari. Alikuja kuongeza hisa. Akasema amezunguka kutafuta mahali pengine pa kuweka fedha, na hakupata ambako hata yeye akiwa na njaa atasikilizwa kama mwenzake.

Yuko humu leo, mstari wa tatu, na amenikubalia nilisimulie hilo.

Barua iko kwenye meza ya katibu, karibu na mlango, pamoja na kalamu mbili na kidau cha wino kwa wenye kutumia dole. Mwezi unaanza kupungua keshokutwa na mitumbwi itarudi majini, kwa hiyo naomba wenye safari ya Ukerewe watangulie kutia saini ndipo tuhesabu kura za mwenyekiti.

Wabeja sana.